Amri Inayofuata Iko Wapi?

Ndani ya kerneli ya Linux, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia prosesa na memori, kuna kipande kifupi cha msimbo ninachokipenda kuliko vyote. Ni pale prosesa inapouacha mchakato mmoja, yaani programu inayoendeshwa, na kuuhudumia mwingine. Kazi inafanyika kwa hatua mbili: kwanza inabadilishwa memori, halafu zinabadilishwa steki (memori ya kazi za muda) na rejista (nafasi ndogo za namba ndani ya prosesa). Wanaofundisha mifumo endeshi hukazia hatua ya pili, maana inachoreka vizuri ubaoni. Rejista hizi zinahifadhiwa, zile zinarudishwa, kipindi kimeisha. Hatua ya kwanza hupewa sentensi moja, kwamba "jedwali la kurasa linabadilishwa", na darasa linasonga mbele. Naona huo ni uonevu kwa mwanafunzi, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama iko humo, na miaka zaidi ya thelathini ya ubunifu wa wahandisi iko humo pia.

Kila programu inayoendeshwa huona memori kana kwamba ni yake peke yake. Andika programu ndogo ya C inayochapisha anwani ya kigeugeu, zima ule utaratibu wa kuchanganya anwani kwa bahati nasibu, kisha ifungue mara mbili kwa pamoja. Zote mbili zitakupa anwani ileile. Kila moja itaandika namba yake pale na hakuna itakayoona namba ya mwenzake, kwa sababu anwani hiyo ni pepe, na kila mchakato una ramani yake ya kuitafsiri.

Kwenye prosesa za x86 (za Intel na AMD) za biti 64, anwani pepe ya kawaida inatumia biti 48. Biti 12 za chini zinaonyesha ni baiti ipi ndani ya ukurasa wa baiti 4,096. Biti 36 zilizobaki zimekatwa vipande vinne vya biti tisatisa, na kila kipande ni namba ya mstari katika jedwali lenye mistari 512. Jedwali la kwanza linaelekeza kwa la pili, la pili kwa la tatu, la tatu kwa la nne, na la nne ndilo linalotaja ukurasa halisi uliopo kwenye RAM. Jedwali la kwanza lilipo kunaandikwa kwenye rejista iitwayo CR3. Basi maktaba, data na steki ya mchakato, vyote vimening'inia kwenye namba hiyo moja. Ukiiandika upya, prosesa inaanza kuona memori nyingine kabisa.

Jumamosi mchana huwa tunakutana Majengo, hapa Moshi, sisi wachache tunaopenda mambo haya: wanafunzi wa vyuo, fundi mmoja wa simu, na mimi. Tunasoma xv6, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia uliotoka MIT, toleo lake la prosesa za RISC-V, na tunauendesha ndani ya QEMU, programu inayoigiza mashine nzima. Tulipofika kwenye mstari unaoandika rejista ya satp, ambayo kwa RISC-V inafanya kazi ya CR3, dada mmoja akatusimamisha.

"Kaka, hapa si tumeshabadilisha ramani? Sasa amri inayofuata iko wapi?"

Chumba kilikaa kimya, na haki yake. Prosesa haijui kwamba umefanya jambo kubwa. Imemaliza amri moja, inaongeza nne kwenye kihesabu cha programu, na inakwenda kuchukua amri iliyo kwenye anwani hiyo. Lakini anwani hiyo nayo ni pepe, na ramani ya kuitafsiri ni mpya. Kama ramani mpya haina kitu hapo, au ina kitu kingine, prosesa imeshapotea kabla hujapata nafasi ya kurekebisha lolote.

Linux ya kwanza kabisa, 0.01 ya mwaka 1991, ililikwepa swali hili. Linus Torvalds aliiandika kwa ajili ya prosesa ya 386, na mfumo mzima ulitumia jedwali kuu moja la kurasa. Anwani za biti 32 zinafika GB 4, naye akazigawa vipande 64 vya MB 64. Kila mchakato ulipewa kipande chake, na segimenti za 386 ndizo zilizouzuia mmoja usiingie kwa mwingine. Ramani haikubadilika kamwe, kwa hiyo hapakuwa na cha kupotea. Bei yake ni kwamba michakato haikuweza kuzidi 64, na hakuna uliozidi MB 64.

Baadaye kila mchakato ulipopata jedwali lake, jibu likawa kuiweka kerneli ndani ya kila ramani. Nusu ya chini ya anwani ni ya programu na inatofautiana kutoka mchakato hadi mchakato. Nusu ya juu ni ya kerneli, na inafanana kwenye majedwali yote. Msimbo unaoandika CR3 unaishi nusu ya juu, steki ya kerneli nayo iko huko. Unapobadilisha ramani, sehemu uliyosimama haisogei hata kidogo, na amri inayofuata iko palepale ilipokuwa.

Waandishi wa xv6 walichagua njia nyingine. Kerneli ina jedwali lake peke yake na mchakato una lake, vilivyo tofauti kabisa, isipokuwa ukurasa mmoja uitwao trampoline. Ukurasa huo umewekwa kileleni mwa anwani pepe, kwenye 0x3ffffff000, ndani ya majedwali yote. Amri zinazobadilisha satp kati ya jedwali la kerneli na la mchakato zimeandikwa humo. Prosesa ikibadilisha ramani ikiwa ndani ya ukurasa huo, inajikuta bado iko ndani ya ukurasa uleule.

Maelezo peke yake hayakumtosha aliyeuliza, na alikuwa na haki. Tukaenda kwenye faili la proc.c, tukaondoa sehemu inayouweka ukurasa huo kwenye jedwali la mchakato, tukaunda upya na kuwasha. Skrini ikaandika kwamba kerneli ya xv6 inawaka, zikatajwa hart (viini vya prosesa) zilizoanza, kisha hakuna kilichofuata. Ule mstari wa init, programu ya kwanza, kuanzisha sh, programu ya kupokea amri za mtumiaji, haukutokea. Feni ya laptopu ikapanda kasi. Tulipoingia na GDB, kifaa cha kuchunguza programu, rejista ya scause ilikuwa na 0xc, yaani hitilafu ya ukurasa wakati wa kuchukua amri, na sepc, inayotunza anwani ya amri iliyokwama, ilikuwa 0x3ffffff000.

Hiyo sepc ndiyo iliyowafanya wote wasogee karibu na skrini. Prosesa iliandika satp ikiwa ndani ya trampoline, ikakosa amri iliyofuata, ikafanya kile inachofanya kila ikipata hitilafu, yaani kurukia mahali kerneli ilipopaandika kuwa pa kushughulikia hitilafu. Mahali hapo ni mwanzo wa trampoline ileile isiyokuwemo. Ikapata hitilafu nyingine, ikaruka tena, na tena, bila kuendesha hata amri moja. Mashine haikuanguka na haikuandika ujumbe wowote wa lawama. Ilikuwa ikizunguka kwa kasi yake yote mahali pasipokuwepo. Ukishaona hali hiyo kwa macho yako, huwezi tena kusoma mstari wa satp kama mistari mingine.

Amri inayofuata ikishapatikana, linabaki swali la gharama.

Kutafsiri anwani moja kwa kupitia majedwali manne ni kusoma memori mara nne kabla hujaisoma ile uliyoitaka. Hakuna prosesa inayoweza kuishi hivyo, kwa hiyo tafsiri za karibuni zinawekwa kwenye hazina ndogo iitwayo TLB. Kwenye prosesa za Intel za kizazi cha Skylake, ngazi ya kwanza ya TLB ya data ina nafasi 64, na ya pili ina 1,536. Kwa kurasa za KB 4, nafasi 1,536 zinafunika MB 6 tu za memori. Ni kidogo mno, na bado karibu kasi yote tuliyoizoea inategemea hizo.

Mchukue muuza vipuri anayejua kwa kichwa kila kitu kiko rafu gani. Ukimwambia "rafu ya nne, boksi la pili", mkono umeshafika. Sasa muhamishie kwenye duka jingine lenye rafu zilezile na namba zilezile, ila zimepangwa vitu vingine. Anachokijua kinageuka kuwa hatari, maana atakukabidhi kitu kisichokuwa chako bila hata kusita. TLB nayo iko hivyo. Anwani ya mchakato wa kwanza inafanana na anwani ya mchakato wa pili, lakini kurasa halisi ni tofauti. Tafsiri ya zamani ikibaki, mchakato mmoja unasoma siri za mwingine, au unaandika juu ya data yake.

Kwa hiyo x86 ilikuwa na kanuni kali: ukiandika CR3, TLB inafutwa, isipokuwa kurasa zilizowekewa alama kuwa ni za wote, nazo zilikuwa za kerneli. Amri yenyewe ya kuandika CR3 si ghali sana. Gharama kubwa inakuja baadaye, kidogokidogo, kila mchakato mpya unapogusa ukurasa na kulazimika kupitia tena majedwali. Ndiyo maana watu huitafuta wasiione. Ukipima kwa kifaa cha kupimia kasi, muda umetawanyika ndani ya programu yako, kwenye mizunguko na usomaji wa data usio na kosa lolote. Nimeona watu wakiandika upya msimbo mzuri kabisa kwa sababu ulisomeka kuwa mzito, wakati uzito huo ulitoka kwenye mabadilishano elfu kadhaa kwa sekunde yaliyosababishwa na programu nyingine kabisa. Kabla ya kugusa msimbo, washa vmstat 1 na uangalie safu ya cs. Kisha fungua faili la status la mchakato wako ndani ya /proc, usome namba mbili za ctxt_switches zilizo karibu na mwisho. Moja ni mara ulizoiachia prosesa kwa hiari, ukisubiri diski au mtandao. Nyingine ni mara ulizonyang'anywa. Ya pili ikipanda kwa kasi, una majirani wengi wanaogombea kiini kimoja.

Dawa ya kufuta ilikuwa kuweka jina kwenye kila tafsiri. Intel walileta PCID mwaka 2010 kwenye kizazi cha Westmere: biti 12 ndani ya CR3, zinazotosha namba 4,096, na kila tafsiri kwenye TLB inabeba namba ya mwenyewe, yaani ya mchakato wake. Ukirudi kwenye mchakato wako, huenda ukakuta baadhi ya tafsiri zako zingali zinakusubiri. Ajabu ni kwamba Linux haikuanza kuitumia mpaka toleo la 4.14 la Novemba 2017, kwa kazi ya Andy Lutomirski. Na hata hapo haikutumia namba zote 4,096. Kila kiini kinakumbuka michakato sita tu ya karibuni. Uamuzi huo ulinishangaza mwanzoni, lakini naukubali kabisa sasa. TLB yenye nafasi 1,536 haiwezi kuwatunzia wenyewe elfu nne chochote cha maana, na kila namba inayokumbukwa ni namba ambayo lazima uhakikishe haijachakaa.

Miezi miwili baadaye, Januari 2018, ikatangazwa Meltdown. Watafiti wa Google Project Zero, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz nchini Austria na wa kampuni ya Cyberus waligundua kwamba kwenye prosesa nyingi za Intel programu ya kawaida inaweza kusoma data ya kerneli, ilimradi data hiyo iko kwenye ramani, hata kama imekatazwa. Yaani lile jibu la swali la dada yetu, la kuiweka kerneli nzima kwenye kila ramani, likawa ndilo tundu lenyewe.

Tiba ilikuwa kuuvunja mpango wa zamani. Linux ikaanza kuupa kila mchakato majedwali makuu mawili: moja kamili la kutumia ukiwa ndani ya kerneli, na jingine la kutumia programu ikiwa inaendesha, ambalo kerneli yote imeondolewa humo na kubakizwa kipande kidogo cha kuingilia na kutokea. Kwa maneno mengine, Linux ililazimika kufanana na xv6. Majedwali hayo mawili yamewekwa jirani, kurasa mbili mfululizo, ili kuhama kutoka moja kwenda jingine kuwe ni kugeuza biti ya 12 ya CR3, na biti ya 11 nayo inageuzwa ili namba ya PCID ibadilike pamoja. Ninapowaonyesha wanafunzi biti hizo mbili huwa nawaambia wasiharakishe kugeuza ukurasa. Kuna watu walikesha ili njia hiyo iwe fupi namna ile, kwa sababu penye tiba hii ramani inabadilishwa kila programu inapoiomba kerneli chochote, kuingia na kutoka, hata kama mchakato ni uleule.

Penye PCID, uchungu unapungua sana. Pasipo na PCID, kila ombi kwa kerneli linafuta TLB. Hapa ndipo jambo hili linapotufikia sisi moja kwa moja. Kompyuta nyingi zinazofanya kazi Moshi na Arusha zimekuja zikiwa zimeshatumika kwingine miaka kadhaa, na bado zina miaka mingi ya kazi mbele yake. Stesheneri moja ninayoisaidia ina mashine ya Core 2 Duo. Ukisoma faili la meltdown chini ya /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities, linakujibu kwamba tiba imewashwa. Ukitafuta pcid ndani ya /proc/cpuinfo, haimo. Mashine hiyo inalipa gharama nzima. Wa Windows nao hawakusalimika: Microsoft walisema Januari ile kwamba wenye Windows 7 na 8 kwenye prosesa za Haswell au za kabla yake wengi wangehisi kasi kupungua.

Kuna namna ya kuizima tiba hiyo wakati wa kuwasha, kwa neno nopti, na nimeulizwa mara nyingi kama ifanywe. Kwa mashine ya stesheneri nasema hapana, bila kusita. Wateja wanachomeka flashi zao humo, wanafungua barua pepe, wanaacha namba za NIDA na vyeti vya kuzaliwa kwenye foleni ya kuchapisha. Kama kuna mahali ambapo mchakato mmoja hautakiwi kuchungulia memori ya mwingine, ni hapo. Afadhali isubiriwe sekunde moja zaidi. Kwa kompyuta isiyo na mtandao inayofanya kazi moja inayojulikana, tunaweza kuzungumza.

Simu ziko kwenye hali nzuri zaidi. Prosesa za ARM za biti 64 zina rejista mbili, TTBR0 kwa ramani ya programu na TTBR1 kwa ramani ya kerneli, hivyo kubadilisha moja hakugusi nyingine. Namba za wenyewe huko zinaitwa ASID, na zinaweza kufika biti 16. Zikiisha, kerneli inaanza kizazi kipya cha namba na kufuta kila kitu kwa mara moja.

Kuna hila moja ya Linux ambayo sitaki kuiruka. Ndani ya kerneli kuna nyuzi, yaani mikondo ya kazi zake yenyewe, zisizo na memori yoyote ya programu: za kuandika diski, za kusafisha, na ule wa kukaa bure pasipo na kazi. Ukibadilisha kwenda kwenye uzi wa namna hiyo, hakuna sababu ya kugusa CR3, kwa kuwa hautasoma nusu ya chini kamwe. Kwa hiyo Linux inauazima ramani ya mchakato uliotangulia na kuiandika kwenye sehemu iitwayo active_mm. Kiini kikikaa bure kidogo na mchakato uleule ukarudi, mara nyingi hakuna kilichopotea. Torvalds aliueleza utaratibu huo kwenye barua ya mwaka 1999 ambayo imehifadhiwa kwenye nyaraka za kerneli. Utamu wake uko pale mchakato unapokufa wakati ramani yake imeazimwa. Kurasa zake zinaachiliwa, lakini muundo wa ramani unabaki hai, ukihesabiwa kwa hesabu yake tofauti, mpaka kiini cha mwisho kilichouazima kiuache.

Sasa kikundi chetu kimeanza kuipa xv6 namba za wenyewe. Rejista ya satp ina biti 16 za ASID, kuanzia ya 44 hadi ya 59, na xv6 inaziacha zikiwa sifuri na kufuta TLB yote kila ikibadilisha jedwali. Kwa kuwa xv6 ina nafasi za michakato 64 tu, kila nafasi inaweza kupewa namba yake ya kudumu, na sifuri ikabaki kwa kerneli. Ugumu uko kwenye kujua ni lini namba imechakaa. Wengi walitaja mara moja pale mchakato unapokufa na nafasi yake kupewa mwingine. Yule dada akaongeza exec, ombi la kuweka programu mpya ndani ya mchakato uleule: mchakato haufi, nafasi ni ileile, namba ni ileile, lakini jedwali lote ni jipya, na bila kufuta, programu mpya itaendesha amri za ile ya zamani. Kupunguza memori ya mchakato kwa ombi la sbrk nako kumo.

Tatizo ni kwamba QEMU haiwezi kutuonyesha kosa hilo hata tukilifanya kwa makusudi, kwa sababu yenyewe inafuta tafsiri zake zote kila satp inapobadilika. Inahitajika bodi halisi ya RISC-V, na tunachangishana kuipata. Programu ya kwanza ya kuendesha humo tumeshaiandika: inaweka 1 kwenye biti zote 16 za ASID, inaisoma tena satp, na kuhesabu zilizobaki, maana RISC-V inamruhusu mtengenezaji kuweka pungufu, hata sifuri.